Mwenzangu Yuko Nyuma, Anakuja Polepole

Mpendwa Bi Leocadia, naomba msaada, lakini kabla ya msaada ninalo tangazo, na naomba lisomwe kwa utulivu: kuanzia Jumatatu ya wiki iliyopita mimi Abilio, mwenye umri wa miaka sabini na moja, akili timamu na goti moja zima, nimeacha rasmi kunywa kahawa katika baa ya Onésimo, baa ambayo nimekunywa kahawa kila siku tangu nilipotoka jeshini, na kikombe changu chenye ufa nimewaachia, na mtu yeyote atakayeniona kwenye benchi mbele ya posta nikinywa kahawa niliyotoka nayo nyumbani asinionee huruma, nimechagua mwenyewe.

Najua utasema kahawa ya Abilio inalihusu nini gazeti la mkoa, subiri, nafika, mimi siku hizi ni mtu wa mwendo mdogo. Nilikuwa mpima zabibu kwenye chama cha ushirika, miaka thelathini na sita niko kwenye mizani, na kazi ile inakufundisha kumtazama mtu usoni kabla hujalitazama trela lake, maana aliyeweka mawe chini ya zabibu hukusalimia kwa furaha kupita kiasi. Rafiki yangu Saturnino, ambaye hapa kila mtu anamwita Satur, alikuwa fundi wa mapaa, tumekaa dawati moja shuleni, tumekwenda jeshini pamoja, kisha yeye akamwoa Engracia na mimi sikuoa, Satur alikuwa akisema ameoa kwa niaba yetu wote wawili, na kweli Engracia alitulisha wote wawili hadi alipofariki, sasa ni miaka kumi na mmoja. Walipata mtoto mmoja, Visi, anafundisha shule kule Logroño na huja kwa baba yake kila Jumapili.

Njia ya Mtakatifu Yakobo, ile ya mahujaji waendao Santiago kwa miguu, inapita mbele ya nyumba zetu, maisha yetu yote tumewaona mahujaji wakipita na makombe yao ya baharini yakining'inia kwenye mizigo, wakituomba maji na wakitupiga picha kama kwamba sisi ni sehemu ya ukuta, na siku tulipostaafu Satur akasema, Abilio, hawa watu wanakwenda wapi hasa, twende tukaone. Tukaamua kutembea kama wanavyotembea watu wa huku ambao hawana mwezi mzima wa kutupa, yaani siku sita kila mwaka, mwezi Mei, unapanda basi hadi pale ulipoishia mwaka jana, unaendelea, siku ya sita unarudi nyumbani. Satur aliweka sheria yake moja. Pale tulipoishia anagusa kitu kwa kiganja, nguzo, ukuta, mlango, na mwaka unaofuata lazima aguse kitu kilekile kabla hajapiga hatua, kwa sababu, alisema, aliyeruka hatua moja hakutembea. Waliopanda teksi kidogo katikati ya njia aliwaita abiria, na alilitamka neno hilo kama wengine wanavyotamka mwizi.

Mwaka wa kwanza tulitoka mlangoni kwetu hadi Burgos, wa pili hadi Carrión, wa tatu hadi León, na katika miaka yote hiyo Satur hakutazama kanisa hata moja kwa ndani, alitazama mapaa. "Tazama lile, Abilio," alikuwa akisema, "aliyeezeka pale alikuwa anachelewa harusi." Nikamjibu labda harusi yake mwenyewe. "Basi na ndoa nayo inavuja," akasema. Hivyo ndivyo tulivyokwenda kilomita mia tatu.

Mwaka wa nne, tukiteremka mlima kwenye kijiji cha El Acebo, nilibaki ndani ya baa nikifunga kamba za viatu, nikatoka nje simwoni, mama mwenye baa akaniambia mwenzako ameshapanda, nikasema ameshapanda wapi na njia inashuka, nikageuka nikamwona yuko juu kule anarudi tulikotoka, anapishana uso kwa uso na mahujaji wote na kuwatakia safari njema mmoja mmoja, na wao wakidhani ni wale watu wa zamani wanaofika Santiago na kurudi kwa miguu, wakawa wanampa mkono, bwana mmoja akamvulia kofia. Nilimkimbilia na goti hili. "Unakwenda wapi, we mtu?" "Nimesahau kofia." "Iko kichwani." Akaigusa. "Basi nimeipata," akasema, akageuka akashuka na mimi. Nilicheka hadi nikakaa chini, na majira ya baridi yote ile ndiyo ilikuwa hadithi yangu baa, Onésimo alinitaka niirudie kwa kila mgeni. Lakini uso wake nilikuwa nimeuona, Bi Leocadia, kabla hajasema kofia, kulikuwa na muda mfupi hakujua mimi ni nani, na mimi ni mtu wa mizani.

Mwaka wa tano tukafika O Cebreiro, pale penye nyumba za mawe za mviringo na mapaa ya nyasi, mapaa aliyoyazungumzia miaka minne, alikuwa na maswali tayari ya kumuuliza fundi wa huko. Akapita chini yake kama mtu anayepita kando ya ukuta. Asubuhi, tukivaa soksi, akaniuliza, "Engracia ameamka?" Nikasema amekwenda kuchukua mkate. Akaridhika. Tangu hapo nikawa namtanguliza mbele, mimi nyuma yake, namba yangu ya simu nimeiandika ndani ya kofia yake, na Jumapili Visi akija nakaa karibu naye mezani, akiulizwa jambo najibu mimi kabla yake, yeye anacheka, na Visi anasema sisi wawili tumekuwa kama mke na mume. Sikumwambia kitu. Visi angejua, angemzuia siku ileile, na mwaka huo tuliishia Sarria, Satur akagusa mlango wa pale, zilibaki siku sita tu tumalize, na mimi siku zangu nyingine mia tatu na hamsini na tisa hazina kitu cha kusubiri.

Januari hii Visi akamkuta amesimama katika theluji na ndara za nyumbani, mbele ya nyumba isiyokuwa yake, anakagua paa. Wakaenda kwa daktari, ugonjwa una jina refu, maana yake unajua, na daktari akasema angeletwa miaka miwili mapema pengine kungekuwa na dawa za kupunguza mwendo wake. Visi alinieleza haya jikoni kwake. "Namwona Jumapili tu, ami, na Jumapili alikuwa mzima. Laiti pangekuwa na mtu wa kukaa naye siku zote, angeona." Akaniongezea maharage, nikayala.

Aprili, asubuhi moja ambayo Satur alikuwa amerudi kabisa, alikuwa Satur, akanishika mkono akasema, "Mwaka huu siwezi, kichwa kinaingia maji. Nisubiri, Abilio. Usiuguse ule mlango wa Sarria bila mimi." Nikasema nakusubiri. Baada ya wiki tatu nilichukua kutoka kwenye droo kitabu chake cha mihuri, kile hujaji anachopigiwa mhuri kila anapopita ili ijulikane ametembea, nikapanda basi, sikumwambia mtu, nikafika Sarria nikaugusa mlango mara mbili, mkono wa kulia kwa ajili yangu na wa kushoto kwa ajili yake, nikatembea kilomita mia moja na kumi na tano kwa siku saba. Unajua kwamba huko mwishoni lazima upige mihuri miwili kwa siku, basi kila baa naweka vitabu viwili juu ya kaunta. "Na huyu Saturnino yuko wapi?" Yuko nyuma, nasema, anakuja polepole. "Masikini. Malengelenge?" Malengelenge. Nimelisema neno hilo mara nyingi mno, hata siku ya nne nikawa nageuka kutazama. Huko Melide mama muuza pweza alinifungia kipande kwenye karatasi, mpe mwenzako akifika, nikaenda nikakaa juu ya ukuta wa mawe nikakila chote huku nalia, na pweza alikuwa mtamu, hilo nalo linanisumbua.

Huko Santiago karani akaniambia cheti cha kumaliza Njia kila mtu ajichukulie mwenyewe. Nikasema mwenzangu yuko nyuma. Akasema hakuna tatizo, tutamsubiri hadi jioni tutakapofunga. Nikachukua changu nikaondoka.

Nilipompelekea Satur kitabu chake nilitaka kumwambia nimekubeba, Mungu ni shahidi. Akapitisha kidole juu ya mihuri, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. "Tumefika?" Nikasema tumefika, Satur. "Nililia?" Kidogo. "Na wewe?" Mimi sana. Hilo la mwisho tu ndilo lilikuwa kweli. Tangu siku hiyo kila Alhamisi ananitaka nimsimulie, na mimi namsimulia, nimeshatia mvua, nimeshatia njiwa juu ya paa la kanisa kuu, nimetia na pweza. Naye akawa anakwenda kusimulia baa. "Haya, Satur, mguu wa chuma," Onésimo anamwita mbele ya wacheza karata, "Melide ulikula nini?" "Pweza. Mama alinifungia kwenye karatasi." "Na kitanda chako kilitembea nyuma yako au mbele?" Wote wakacheka, na Satur akacheka nao, akawaonyesha mihuri. Ndipo nilipoweka kikombe chini.

Visi amekiona kitabu. Hakupiga kelele. "Ami Abilio, mwezi Mei baba alikuwa kitandani, mimi ndiye niliyemvalisha soksi. Najua ulikusudia mema. Lakini siku akili yake ikiwa safi mwambie kweli. Katika dunia hii wewe ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kumdanganya." Na Septemba anampeleka nyumba ya wazee Logroño, ambako kuna watu wa kumwangalia saa zote. Kwa hiyo swali langu ni hili moja tu: nimwambie Satur kwamba hakufika, au nimwache? Majina yote humu ni ya kweli, sina kipaji cha kubuni. Nijibu upesi, goti la pili nalo limeanza.

Abilio


Bwana Abilio,

Pole. Nalisema sasa na kwa moyo wote, kwa sababu mbele huko sitapata nafasi ya kulirudia.

Barua yako ina kurasa nne na nimezipima, kwa heshima ya kazi yako. Mihuri umeipa ukurasa mmoja na zaidi. Kahawa umeipa tangazo zima. Yale maharage ya jikoni kwa Visi umeyapa sentensi moja, umeiweka chini kabisa ya mzigo, na mwishoni ukanigeukia ukaniambia swali langu ni moja tu. Wewe uliwahi kupokea trela la namna hiyo ukalipitisha?

Nianze na swali uliloliuliza, maana hilo ni jepesi. Satur usimwambie. Kaka yangu ni mtu mnyofu, na mama yetu alipopatwa na ugonjwa huu, kila alipomuulizia baba, kaka alimwambia baba alikufa. Mama alikuwa analia kilio cha siku ya kwanza, saa moja baadaye amesahau kilio chenyewe lakini huzuni imebaki, anazunguka nyumbani hajui ametoka nayo wapi. Mwaka ule mama alifiwa na mumewe yapata mara arobaini, hadi nilipomnyang'anya kaka ufunguo. Kwa hiyo mwache Satur na mihuri yake. Ila acha kumwongezea. Mvua ya kutosha imeshanyesha, na njiwa ondoa. Akitaka kusimuliwa, msimulie Burgos, msimulie lile paa la harusi, msimulie mtu aliyemvulia kofia. Una miaka mitano ya kweli, unakwenda kumpa siku saba za uongo?

Na siku akirudi, akawa yeye, akakutazama machoni akakuuliza mwenyewe kama alifika, hapo jibu. Mwambie hukufika, uliniambia nikusubiri, nami sikukusubiri. Atakasirika. Ana haki, sheria ya mlango ilikuwa yake. Kaa hapohapo akasirike hadi amalize, na usilete habari za goti.

Jambo dogo kuhusu Santiago, nalisema kwa uchungu. Ulisimama mbele ya karani mwenye kalamu mkononi. Ungemwambia kweli, kwamba mwenzako ni mgonjwa na umetembea kwa ajili yake, angeandika jina la Satur kwenye cheti chako kando ya jina lako. Wanaandika hivyo siku zote, kwa wagonjwa na kwa marehemu. Ungerudi na karatasi moja ya haki yenye majina mawili. Badala yake umerudi ukamwacha mwenzako akisubiriwa hadi jioni.

Sasa kahawa. Umehama baa, vizuri sana, na Satur je? Barua yako haisemi kama naye amehama, nami kwa jinsi ninavyozijua baa zetu, yuko palepale anaonyesha mihuri, tofauti ni kwamba sasa hakuna mtu upande wake. Hukumtetea, uliondoka, kisha ukatoa tangazo. Kesho saa ya kahawa urudi. Kaa kwenye kiti kilicho kati yake na meza ya karata. Onésimo akianza na kitanda, mwambie kwa sauti ya kawaida: huyu alitembea na mimi kutoka mlango huu hadi Sarria, wewe umetembea hadi wapi? Wacheza karata hawana mahali popote walipofika.

Tumebaki na lile ambalo hukuliuliza.

Ulijua. Ulijua tangu El Acebo na O Cebreiro ikakuthibitishia, na tangu hapo hukunyamaza tu, Bwana Abilio, ulifanya kazi. Uliketi karibu naye kila Jumapili ukajibu maswali ya binti yake kabla yake, na kwa sababu yako mtoto yule anaamini kwamba Jumapili baba yake alikuwa mzima. Mzima ulikuwa wewe. Leo Visi anajilaumu kwamba hakuona, naye haonekani kuwa mtu mzembe, alifichwa na mtu aliyemwita ami. Kisha amekuambia wewe hujawahi kudanganya, na ukaniandikia mimi ambaye sikujui.

Sikuhukumu kwamba ulitaka zile siku sita. Naishi peke yangu pia, najua kalenda ilivyo ndefu. Lakini mtoto wa mwenzako amebeba kosa lisilo lake, na mwenye kosa hilo ni wewe, na mzigo huo hauna njia nyingine ya kumtoka ila ukauchukue.

Nenda kwake jikoni mchana. Usile kitu, hata akikuwekea. Mwambie: Visi, nilijua kabla ya daktari, miaka miwili, nikakuficha. Kwa maneno hayo, kwa mpango huo, na usianze na "ulikuwa upendo", maneno hayo ayaseme yeye siku yoyote akitaka, au asiyaseme. Kisha mpe karatasi uliyoandika tarehe: siku ya kofia, siku ya mapaa ya nyasi, siku aliyomuulizia Engracia, na mengine yote unayoyakumbuka, maana daktari atayahitaji na hakuna mwingine aliyeyaona. Usimwambie kwamba dawa pengine zisingesaidia. Inawezekana ni kweli, lakini wewe si mtu wa kulisema. Akikutoa nje, toka, funga mlango polepole, na Jumatatu rudi. Asubuhi zote zilizobaki hadi Septemba mchukue Satur mtembee, barabara ya mashamba ya mizabibu, kila mmoja na kofia yake, wewe kando yake safari hii, si nyuma. Baada ya Septemba kuna basi la Logroño kila siku, na kupanda mabasi unakujua.

Jibu hili nimelitia posta Jumatatu. Gazeti linatoka Jumapili. Nimebadilisha majina yenu yote na mji nimeuficha, lakini Visi anasoma gazeti kama walimu wote, na kufikia ile kofia atakuwa ameshamtambua baba yake. Una siku tano. Ukinisikiliza, atayasoma haya akiwa ameshayasikia kwako. Usiponisikiliza, basi, Visi mwanangu, nisamehe, ukurasa huu ni wako.

Neno la mwisho, Bwana Abilio, kwa ajili ya jikoni kule. Utatamani sana kumweleza kwamba ulinyamaza ili baba yake aweze kuimaliza Njia. Usimweleze hilo. Satur aliishia Sarria, akarudi na basi.

Leocadia